Madaktari wawili, barabara moja, majibu mawili: mifuko ya chini ya macho itolewe au isogezwe?

MamaSacco
Habari zenu wadau. Naenda moja kwa moja. Nina mifuko chini ya macho tangu ujana, na chini ya mifuko yenyewe kuna bonde linaloteremka kutoka pembe ya pua kuelekea shavuni. Kazi yangu ni kaunta ya Sacco hapa mjini. Kila mwanachama akifika dirishani lazima aniulize kama nililala. Nalala vizuri kuliko wao.

Nimewaona madaktari wawili Upper Hill, wote wa upasuaji. Wa kwanza alinitazama kidogo akasema ni mafuta, yanatolewa kupitia ndani ya kope, jioni niko nyumbani. Wa pili alinikalisha karibu na dirisha, akanipa kioo, akaniambia nitazame juu bila kuinua kichwa. Mifuko ikatuna zaidi. Akaniambia nitazame chini, ikapungua. Halafu akaishika kope ya chini kwa vidole viwili, akaivuta mbele na kuiachilia, akawa anaangalia inarudi kwa kasi gani. Mwisho akasema mafuta hayatupwi, yanasogezwa yafunike lile bonde. Akiyatoa yote, nitabaki na mashimo.

Nimwamini nani? Kuna aliyefanyiwa hapa?

BuruburuFez2
Weka vipande vya tango, pesa ipeleke karo.

MamaSacco
Matango nimemaliza Wakulima Market. Anayefuata.

RongaiJioni
Mimi nilifanyiwa, kupitia ndani, hapa hapa Nairobi. Nitakwambia yale ambayo kliniki hawaandiki kwenye vipeperushi.

Hawakunipa nusu kaputi. Nilidungwa dawa ya kunituliza, kisha ganzi. Maumivu hakuna, lakini unasikia mtu anavuta kitu usoni, na pale wanapochoma mishipa ya damu izibe unapata harufu ya nywele zinazoungua. Hiyo harufu ndiyo iliyonisumbua kuliko sindano. Baadaye wanakupaka mafuta ya dawa machoni, kila kitu unakiona kwa ukungu, ukadhani umepofuka. Ukungu uliisha.

Uvimbe ulikuja kesho yake, na wekundu wa damu ukashuka mpaka mashavuni. Nililala kwenye kochi na mito mitatu kwa sababu kichwa hakitakiwi kulala chini. Barafu mchana kutwa. Nilipoanza kutoka nilivaa miwani ya giza ndani ya matatu saa moja usiku, na mama mmoja akanishika mkono akaninong'oneza, "Dada, usirudi kwake." Mume wangu maskini alikuwa amenipikia uji asubuhi ile ile.

Mifuko imeenda. Mimi sikuwa na bonde lakini, kwa hiyo kesi yangu si yako.

BuruburuFez2
Hahaha, "usirudi kwake." Mzee wa watu amechafuliwa jina route nzima.

ShangaziKayole
MamaSacco, sikiliza huyo daktari wa pili. Dada yangu mkubwa alikuwa Uingereza miaka ya tisini, akatolewa mafuta yote. Miaka ya kwanza alipendeza, tulimwonea wivu. Sasa ana sitini na kitu, mashavu yameshuka, macho yamezama ndani, na watu wanamwuliza kama anaugua. Mafuta ukishayatupa hayarudi.

MzeeWaMaktaba
Anachosema Shangazi kina historia. Mwaka 1951 daktari anayeitwa Castañares alichora jinsi mafuta ya kope yalivyogawanyika, na kwa miaka mingi dawa ikawa ni kuyakata. Ya chini yana vyumba vitatu: cha karibu na pua, cha kati na cha pembeni. Mwaka 1981 Loeb, Mbrazili, akaandika kuhusu kuyatelezesha yale ya karibu na pua yajaze bonde. Mwaka 1995 Hamra wa Dallas akaendelea na wazo hilo: achia utando unaoyazuia mafuta pale unaposhikamana na ukingo wa mfupa wa tundu la jicho, tandaza mafuta juu ya ukingo. Kwa hiyo daktari wa kwanza wa MamaSacco anatumia njia mpya ya kupitia ndani, lakini fikra yake ni ya zamani.

PwaniMjini
Mzee, kwa heshima, hapo kwenye "njia mpya" nakukatalia. Kupitia ndani ya kope kulielezwa na Mfaransa, Bourguet, mwaka 1924. Kongwe kuliko hao wote uliowataja. Ilikuja kupata umaarufu baadaye tu.

Na tusichanganye mambo mawili. Mlango wa kuingilia ni swali moja: ndani ya kope, au nje chini ya mstari wa kope. Utafanya nini ukishaingia ni swali jingine: utoe, usogeze, au ufanye yote kidogo kidogo. Unaweza kuingia kwa ndani na bado ukayasogeza mafuta.

MzeeWaMaktaba
Kuelezwa ni kitu kimoja, kutumika ni kingine. Lakini sawa, mwana wa pwani.

KijanaDonholm
Sasa wa nje anapasuliwa wa nini kama ndani kunatosha?

PwaniMjini
Ngozi. Ukipita ndani hugusi ngozi. Mtu mwenye ngozi iliyolegea na mikunjo, ukimtolea mafuta tu ngozi inabaki imening'inia. Huyo wanampasua chini tu ya mstari wa kope, wanapunguza ngozi kidogo, wakati mwingine wanakaza na pembe ya jicho. Faida hiyo, hatari nayo ipo: ukikata ngozi nyingi kope inavutwa chini, weupe wa jicho unaonekana chini ya mboni, ama kope inapinduka nje kabisa, jicho likawa linatoa machozi na kukauka kwa wakati mmoja. Ndiyo maana daktari wa pili alivuta kope na kuiachilia. Kope inayorudi polepole ni kope dhaifu, lazima ikazwe kwanza.

Mkaaji_wa_Umoja
Watu weusi msikubali kukatwa uso kabisa!! Tunatoa keloidi. Binamu yangu alitoboa sikio tu, sasa ana nundu kubwa kama ndimu.

MuuguziZamu
Sikio, kifua, bega na taya, ndiyo. Kope ni hadithi nyingine. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, na keloidi hapo ni nadra sana hata kwetu. Binamu yako amwambie daktari kuhusu hilo sikio, lakini lisiwe sababu ya kumtisha MamaSacco.

Kinachotusumbua zaidi sisi ni ngozi kubaki nyeusi baada ya kuchokozwa. Hasa hizi leza na kemikali za kuchubua ambazo wengine huongezewa juu ya upasuaji ili kunyoosha mikunjo. Hapo uliza mara mbili.

Na mimi nina swali kwa mleta uzi. Hivyo vimbe ni vile vile asubuhi na jioni? Miguu je? Nauliza kwa sababu nimeona watu wanakuja wodini wakidhani wana "mifuko" kumbe ni figo zinavuja protini. Macho yakivimba asubuhi na kupungua mchana, pima mkojo kabla ya kupima kisu. Na tezi ya shingo nayo, dundumio, ikichafuka huweza kuvimbisha kope na kusukuma macho mbele. Kipimo cha damu kinaonyesha.

Mkaaji_wa_Umoja
Sawa muuguzi, lakini nundu nimeiona kwa macho yangu.

MuuguziZamu
Sikioni.

RongaiJioni
Muuguzi amenena. Mimi nilipimwa damu kabla. Pia waliniuliza kama nameza aspirini, dawa za kuyeyusha damu, tangawizi ya vidonge, vitunguu saumu vya vidonge. Vyote vinafanya damu isigande upesi. Aspirini yangu ilikuwa ya kichwa tu, nikaambiwa niiache mapema. Wa dawa za moyo msiache wenyewe, muulizeni aliyewaandikia.

FedhaEstate
Mimi nafuatilia nikisubiri bei.

KijanaDonholm
Mimi sina mifuko wala bonde, nina weusi. Tangu shule ya msingi naitwa Panda. Upasuaji unaweza kuutoa?

PwaniMjini
Simama mbele ya kioo, mwanga utoke mbele yako, uvute ngozi taratibu kuelekea chini. Weusi ukisogea pamoja na ngozi na kubaki vile vile, ni rangi ya ngozi. Ukififia, ulikuwa kivuli cha bonde. Rangi ya ngozi hakuna mkasi unaoitoa. Kivuli ndicho kinachoweza kurekebishwa kwa kujaza au kusogeza mafuta.

KijanaDonholm
Haufifii. Ni wa ukoo basi, baba anao, babu alikuwa nao.

ShangaziKayole
Panda wa ukoo mzima. Mwanangu, umerithi mali.

Ustadhi_wa_Saba
Ukoo ndiyo, lakini usisahau kufikicha. Wanangu wote wawili wana pumu na chafya, vumbi la Eastleigh mnalijua. Wanafikicha macho kutwa, na weusi umeongezeka kila mwaka. Tukapewa dawa ya mzio na kukatazwa kufikicha, umepungua. Haujaisha, umepungua.

BuruburuFez2
Na jakaranda zikichanua nusu ya Nairobi inafikicha.

MzeeWaMaktaba
Jakaranda inasingiziwa kwa sababu inaonekana. Chavua inayopeperuka zaidi ni ya nyasi na miti ambayo hamuitazami kabisa.

BuruburuFez2
Mzee hata jakaranda unaitetea. Haya.

NywelePoa_CBD
Mbona mnasumbuka na visu? Kuna filla, ile jeli ya kudungwa chini ya ngozi ijaze bonde. Dakika chache, unarudi kazini. Mimi nilijaza bonde langu kwa filla mwaka juzi.

MamaSacco
Tueleze vizuri dada. Na hiyo inakaa milele au?

NywelePoa_CBD
Inakaa milele, ndiyo maana ni ghali.

MuuguziZamu
Hapana, hapana. Ile inayotumika zaidi chini ya macho ni ya asidi ya hayaluroniki. Kwa kawaida huhesabiwa miezi sita hadi kumi na minane, ingawa kwa wengine picha za ndani huikuta ingali hapo miaka kadhaa. Na uzuri wake ni kwamba inayeyushwa kwa sindano ya kimeng'enya, hayaluronidesi, ikiharibika. Hiyo ndiyo tofauti yake na mafuta.

Ubaya: inavuta maji. Mtu mwenye mifuko tayari akijazwa filla anaongezewa uvimbe. Ikiwekwa juu juu, ngozi inaonekana ya kibuluu. Na ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua jicho. Ni nadra, lakini imetokea, na si jambo la kufanyiwa saluni na mtu aliyejifunza kwa video. Kabla ya kumpa uso wako, muulize hayaluronidesi iko wapi. Aioneshe. Asiyeijua, beba mkoba uondoke.

NywelePoa_CBD
Kumbe ndiyo maana nikilala asubuhi naamka nimevimba. Mwaka mzima nailaumu chumvi.

Mkaaji_wa_Umoja
Chumvi nayo imo. Chipsi masala na kachumbari saa tano usiku, utaamka vipi?

RongaiJioni
Halafu kuna ile ya kutoa mafuta tumboni na kuyadunga chini ya macho. Dadangu mdogo alitaka hiyo, eti anapunguza tumbo na kujaza uso kwa bili moja.

PwaniMjini
Tumbo halipungui kwa kijiko cha mafuta, mwambie. Kinachochukuliwa ni kidogo sana. Sehemu yake hufa, haijulikani mapema ni kiasi gani, kwa hiyo kuna wanaorudia. Inayobaki inakaa kweli. Tatizo ni ngozi ya pale kuwa nyembamba: mafuta yakikusanyika, kidonge kinaonekana, na hakuna sindano ya kukiyeyusha kirahisi kama filla. Na mtu akinenepa, yale mafuta yanakumbuka yalikotoka, nayo yananenepa.

ShangaziKayole
Yanakumbuka yalikotoka! Nimecheka hadi wajukuu wameuliza.

Chemchemi_SouthB
Nimesoma uzi wote. Naona kila mtu anasema mafuta, mafuta. Daktari wangu aliniambia mafuta hayaongezeki hata kidogo. Ni utando unaoyazuia ndio umelegea kwa umri, yanachungulia nje. Wengine wanasema shavu ndilo linashuka na kuacha mfupa wazi, mafuta yako palepale. Ikiwa ni shavu, basi hata kusogeza mafuta ni kuziba nyufa huku nyumba inazama. Mimi alipendekeza kuinua shavu. Nikakataa, ni upasuaji mkubwa.

MzeeWaMaktaba
Kuna mitazamo mitatu, na bado wanabishana: utando, shavu, na tundu lenyewe la jicho kwenye mfupa kupanuka kwa uzee. Kuna hata aliyeona suluhisho ni kuweka kipande cha silikoni juu ya mfupa. Flowers, wa Honolulu, aliandika juu yake mwaka 1993.

Chemchemi_SouthB
Silikoni chini ya jicho? Hapana, asante.

MamaSacco
Sasa mmenichanganya zaidi. Mimi mifuko nilikuwa nayo nikiwa na miaka ishirini. Utando ulilegea kidato cha nne?

PwaniMjini
Kwa wengine ni maumbile ya ukoo. Angalia picha za mama yako akiwa msichana.

MamaSacco
Nimeangalia. Mifuko ipo, na anatabasamu.

Chemchemi_SouthB
Basi yangu ni shavu na yako ni mama.

Mwanaume_Githurai
Wanaume je, wanaruhusiwa kuuliza humu? Nina miaka 45. Chini ya macho nina uvimbe, lakini uko chini zaidi, juu ya mfupa wa shavu, laini laini kama una maji. Daktari mmoja mjini alisema "mifuko hiyo, tutatoa mafuta."

BuruburuFez2
Kwanza sema ukweli, muguka au miraa?

Mwanaume_Githurai
Zote. Lakini uvimbe ulikuja kabla.

MuuguziZamu
Ndugu, uvimbe uliokaa juu ya shavu si mfuko wa kope. Ni ngozi na tishu za shavu lenyewe kushika maji na kulegea. Upasuaji wa kawaida wa kope hauuondoi, na wakati mwingine baada ya upasuaji unavimba zaidi na kukaa miezi. Tafuta maoni mengine, tena kwa daktari wa macho aliyebobea kwenye kope. Na usingizi, ndugu yangu. Huo hauuzwi Upper Hill.

FedhaEstate
Bei jamani.

Ustadhi_wa_Saba
Ningependa kuuliza kistaarabu, tusigombane: uso ni amana. Kurekebisha kasoro inayoudhi ni tiba. Kubadilisha umbo kwa sababu wateja wa Sacco wanauliza maswali, je?

RongaiJioni
Ustadhi, siku ukiulizwa kila asubuhi kama ulilia, utajua kama inaudhi.

Ustadhi_wa_Saba
Nimeuliza tu. Masheikh wenyewe wanatofautisha kwa nia na kwa madhara. Sijamhukumu mtu.

MsimamiziWaJukwaa
Dini ina jukwaa lake. Turudi machoni. Pia nimefuta mabandiko mawili ya kuuza krimu.

MuuguziZamu
Asante msimamizi. Hizo krimu za River Road za "kuondoa weusi siku saba", nyingi zina steroidi. Ukizipaka karibu na jicho kwa muda mrefu presha ya jicho inaweza kupanda, ukapata glakoma au mtoto wa jicho. Nimeona msichana mdogo kabisa.

Chemchemi_SouthB
SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia?

RongaiJioni
Ya urembo, usitegemee. Nililipa mfukoni, na bima ya kazini pia ilikataa. Kope za juu zikishuka hadi zikaziba kuona, hapo kuna nafasi ya kujadiliana na bima kwa sababu ni ugonjwa. Za chini ni urembo machoni mwao.

NywelePoa_CBD
Wengine wanaenda Uturuki na India. Wanarudi wamependeza.

ShangaziKayole
Na kope ikianza kuvutwa chini baada ya wiki kadhaa, utapanda ndege tena? Mwanamke wa kanisani kwetu alifanyiwa huko, akarudi, jicho moja likawa halifungi vizuri usiku. Hapa kila daktari alimwambia "rudi kwa aliyekushona." Mmoja tu ndiye aliyekubali, akamfundisha kukanda kope kwenda juu, likapona polepole. Wengine huishia kupasuliwa tena.

Mkaaji_wa_Umoja
Hata hapa nyumbani si salama. Mnakumbuka yule mama wa 2024 aliyefariki baada ya kutolewa mafuta mwilini, kliniki ikafungwa?

PwaniMjini
Tunakumbuka. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni bure: jina la daktari liangalie kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, na uangalie amesajiliwa kwa utaalamu gani. "Daktari" pekee haitoshi. Pia uliza kituo chenyewe kina leseni, na nani atashughulikia ganzi.

MuuguziZamu
Na niongeze hili kwa anayekwenda. Baada ya upasuaji, jicho moja likiuma kupita kiasi, likisukumwa mbele, au kuona kukififia, usingoje asubuhi. Damu inaweza kuwa inajikusanya nyuma ya jicho. Nadra, lakini inahesabiwa kwa saa. Kimbia hospitali yenye daktari wa macho usiku huo huo.

MamaSacco
Asanteni wote. Nimepima mkojo na damu, majibu safi. Nimerudi kwa daktari wa pili na maswali yenu. Amesema mafuta ya karibu na pua atayasogeza, ya pembeni atapunguza kidogo, ngozi hataigusa. Kutakuwa na nyuzi ndogo zinazotokea shavuni kuyashikilia yasirudi, zinatolewa baada ya siku chache. Kuhusu shavu, amesema "kwa umri wako bado." Hiyo bado imenitisha kuliko nyuzi.

Chemchemi_SouthB
Si nilikwambia, shavu.

MzeeWaMaktaba
Nyuzi shavuni, hiyo ni njia inayojulikana. Na wa kwanza je, ulimwuliza kwa nini hatasogeza?

MamaSacco
Nilimpigia. Amesema mafuta yakisogezwa hukakamaa kwa wengine, unaweza kushika kitu kigumu chini ya ngozi kwa miezi, na yeye akitoa kidogo kidogo hajawahi kuacha mtu na shimo. Naye ana hoja.

ShangaziKayole
Amefuatilia wagonjwa wake miaka mingapi? Dada yangu naye mwanzoni hakuwa na shimo.

FedhaEstate
Uzi mrefu hivi, mpaka Mfaransa wa 1924 ametajwa, na hakuna aliyetaja bei.

RongaiJioni
Njoo inbox.

FedhaEstate
Nimekuja. Inbox yako imejaa.